Umakini wa Mtoto na Mawasiliano ya Ndani ya Ubongo

Katika kila shule hakosekani mwanafunzi ambaye jina lake hutajwa na walimu mara nyingi kuliko majina ya wenzake. Akiketi, miguu yake haitulii. Akiulizwa swali, hujibu kabla swali halijakwisha. Akipewa hesabu kumi huzifanya tatu vizuri kabisa, ya nne akaiacha katikati, na zilizobaki asiziguse. Pengine dawati la pili yupo msichana mkimya asiyemsumbua mtu. Macho yake yanatazama ubaoni, lakini akiulizwa jambo lililosemwa dakika mbili zilizopita, hana habari nalo. Wa kwanza huitwa mtukutu, wa pili huitwa mzembe, na mara nyingi wote wawili huadhibiwa.

Je, adhabu hiyo ni ya haki? Swali hili ni la maadili, lakini sehemu kubwa ya jibu lake imo katika sayansi. Ikiwa mtoto anaweza kutulia ila hataki, hapo pana jambo la kumrudi. Lakini ikiwa anataka, ila chombo cha kumwezesha hakijakomaa, basi kumpiga ni sawa na kumpiga mtoto asiyeota meno kwa sababu hatafuni mahindi ya kuchoma.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo uchunguzi wa ubongo umeyafunua kuhusu watoto wenye hali inayojulikana kwa kifupi kama ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliopita kiasi. Inakadiriwa kwamba watoto 5 hivi katika kila 100 duniani wana hali hii, kwa hiyo darasa la wanafunzi 40 huenda likawa na wawili. Makala yanaeleza pia mipaka ya uchunguzi huo, kwa maana katika jambo hili kudai zaidi ya ushahidi uliopo kuna hatari sawa na kutojua kitu.

Umakini ni kitu gani?

Watu wengi huzungumza juu ya umakini kana kwamba ni kitu kimoja, mfano wa maji ndani ya mtungi: huyu anayo mengi, yule anayo machache. Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Michael Posner na Steven Petersen, walitoa maelezo yaliyo tofauti. Walieleza kwamba umakini ni kazi tatu, na kwamba kila kazi ina mtandao wake wa sehemu za ubongo zinazoshirikiana kuitimiza.

Kazi ya kwanza ni kukaa tayari, kama afanyavyo mlinzi wa usiku ambaye hajui mwizi atatokea saa ngapi. Kazi ya pili ni kuelekeza hisi mahali panapohusika, kama mtu aliye katikati ya makelele ya soko anavyogeuka ghafla asikiapo jina lake. Kazi ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi katika makala haya, nayo ni udhibiti. Kwa udhibiti, akili huchagua jambo moja kati ya mengi yanayoshindana, hulishikilia jambo hilo, na huyazuia mengine yasiingilie.

Msomaji anaweza kuupima udhibiti huu mwenyewe kwa jaribio lililotangazwa na Mmarekani John Ridley Stroop mwaka 1935. Chukua karatasi mbili na penseli za rangi nyekundu, buluu na kijani. Katika karatasi ya kwanza chora vijiraba ishirini vya rangi hizo, ukizichanganya bila mpango. Katika karatasi ya pili andika majina ya rangi mara ishirini, lakini kila jina uliandike kwa rangi isiyo yake: neno KIJANI kwa penseli nyekundu, neno NYEKUNDU kwa penseli ya buluu, na kadhalika. Sasa mwombe mwenzako ataje rangi za karatasi ya kwanza upesi iwezekanavyo, nawe umpime kwa saa. Kisha ataje rangi za penseli zilizotumika katika karatasi ya pili, bila kuyasoma maneno yenyewe.

Utaona kwamba katika karatasi ya pili anachelewa, anababaika, na pengine anacheka kwa kujishangaa. Kusoma kumekwisha kuwa mazoea kwake, na mazoea hayangoji kuamriwa. Kila anapotaka kutaja rangi, neno hujileta lenyewe ulimini, na ni lazima alizuie kabla ya kusema. Kazi hiyo ya kuzuia ndiyo udhibiti wa umakini. Mtoto asiyejua kusoma hatatizwi na karatasi ya pili, maana hana mazoea ya kuyazuia.

Fikiri basi juu ya mwanafunzi ambaye kila dakika ya kipindi ni kama karatasi ya pili kwake. Sauti ya gari nje, nzi dirishani, wazo la mpira wa jioni: kila kimoja hujileta chenyewe kama lile neno, naye nguvu zake za kuzuia ni chache.

Historia kwa ufupi

Baadhi ya watu hudhani kwamba hali hii ni zao la televisheni na simu za mkononi. Sivyo. Mwaka 1798 daktari Mskoti, Alexander Crichton, alikwisha kuandika juu ya watu wasioweza kulishikilia jambo kwa fikra zao, na akaeleza kwamba mtu huweza kuzaliwa na hali hiyo. Mwaka 1902 George Still, daktari wa watoto, alitoa mihadhara mjini London kuhusu watoto 43 waliokuwa wakaidi, wenye pupa na wasiotulia. Still aliiita hali hiyo kasoro ya udhibiti wa maadili, lakini alitambua jambo muhimu: wengi wa watoto hao hawakuwa na upungufu wa akili, na malezi mabaya hayakutosha kueleza hali yao.

Mwaka 1937 daktari wa Marekani, Charles Bradley, aliwapa watoto 30 wenye matatizo ya tabia dawa ya jamii ya amfetamini, ambayo kwa kawaida huchangamsha mwili. Ajabu ni kwamba karibu nusu yao walitulia na kufanya kazi za shule vizuri kwa namna ya kushangaza. Dawa ya kuchangamsha iliwezaje kumtuliza mtoto mtukutu? Jibu linalokubalika leo ni kwamba dawa za aina hiyo huongeza kemikali iitwayo dopamini katika mapengo yaliyo baina ya seli za neva, na kwa hiyo husaidia mitandao ile ile ya udhibiti. Kinachochangamka ni breki, si injini.

Kwa miaka mingi wataalamu waliutazama utukutu wa mwili kuwa ndio kiini cha tatizo. Mwaka 1972 Virginia Douglas wa Chuo Kikuu cha McGill, nchini Kanada, alieleza kwamba kushindwa kuushikilia umakini na kuizuia pupa ni muhimu kuliko mwendo wa miguu. Mawazo hayo yalichangia kubadilishwa kwa jina la hali yenyewe katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na jina linalotumika sasa liliingizwa mwaka 1987. Mabadiliko hayo yaliwafaa hasa watoto wakimya, miongoni mwao wasichana wengi, ambao umakini wao ni mdogo ingawa miili yao imetulia.

Jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli hupeleka habari kwa nyingine kupitia mkia mwembamba kama uzi. Mikia mingi imefunikwa kwa utando wa mafuta uitwao mielini, ambao hufanya kazi kama mpira unaofunika waya wa umeme. Mkia usio na utando huo hupeleka habari kwa mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde, lakini mkia mnene wenye utando huweza kufikia mita 100 kwa sekunde. Utando huu haukamiliki mtoto anapozaliwa. Huendelea kuongezeka utotoni na ujanani, na sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ni miongoni mwa sehemu za mwisho kukomaa. Sehemu hiyo ndiyo yenye kazi kubwa katika udhibiti.

Tunawezaje kujua kwamba sehemu mbili za ubongo wa mtu aliye hai zinawasiliana? Hapa fizikia imetufaa sana. Himoglobini ya damu ikiwa imebeba oksijeni haivutwi na sumaku, lakini ikiisha kutoa oksijeni yake huvutwa kidogo. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu mpya huletwa kwa wingi hata kuzidi mahitaji, na kwa hiyo hali ya usumaku wa mahali hapo hubadilika. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi nchini Marekani, walionyesha kwamba mabadiliko hayo yanaweza kuonekana katika picha zinazopigwa kwa sumaku kubwa, bila kumpasua mtu wala kumchoma sindano.

Mwaka 1995 Bharat Biswal, wakati huo mwanafunzi mjini Milwaukee, pamoja na wenzake, waliwalaza watu ndani ya mtambo huo na kuwataka wasifanye lolote. Hata hivyo sehemu ya kushoto inayotawala mwendo wa mkono na ile ya kulia zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja, polepole, kwa mawimbi yanayochukua zaidi ya sekunde kumi kila moja. Sehemu hizo ziko mbali, lakini mapigo yao yalilingana.

Mfano wa biashara utasaidia. Tuseme una daftari la bei za vitunguu katika masoko mawili yaliyo mbali. Ukiona kwamba kila bei inapopanda soko hili hupanda na soko lile, utakuwa na sababu ya kudhani kwamba kuna barabara kati yake na wafanyabiashara wanapeana habari. Wachunguzi wa ubongo hufanya vivyo hivyo: ulinganifu wa kupanda na kushuka ndio wanaouita muunganiko. Tuukumbuke mfano huu, maana tutauhitaji tena.

Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, walieleza juu ya mtandao mmoja wa ajabu. Sehemu zake, baadhi zikiwa mbele na nyingine nyuma ya ubongo, hufanya kazi zaidi mtu anapopumzika kuliko anapokuwa na kazi maalumu. Huo ndio mtandao wa mawazo ya ndani: kukumbuka ya jana, kupanga ya kesho, kujifikiria mwenyewe. Mwaka 2005 wachunguzi wa chuo hicho hicho walionyesha kwamba mtandao huu na mitandao ya kazi ni kama pande mbili za mizani: huu ukipanda, ile hushuka. Mtu anapoanza kupiga hesabu, mtandao wa mawazo ya ndani hupunguza kazi yake na kuwapisha wenziwe.

Yaliyoonekana kwa watoto wenye ADHD

Baada ya ugunduzi huo, wachunguzi wawili, Edmund Sonuga-Barke na Francisco Xavier Castellanos, walitoa dhana muhimu mwaka 2007. Walisema kwamba huenda katika ADHD mizani hiyo haitulii. Kazi imekwisha kuanza, lakini mtandao wa mawazo ya ndani haujanyamaza. Kila baada ya muda huinuka na kuingilia, na mtoto hupotea kwa sekunde kadhaa kabla ya kurudi.

Dhana hii inaeleza jambo ambalo walimu wamelishuhudia miaka mingi. Watoto wenye ADHD wakipimwa kasi ya kubonyeza kitufe wanapoona alama fulani, kwa kawaida tofauti kubwa haipo katika wastani wa kasi yao. Ipo katika kubadilika-badilika kwake: mara hujibu upesi kama wenzao, mara huchelewa mno, kisha hujibu upesi tena. Ndiyo sababu hesabu tatu za mwanzo zilikuwa sahihi. Mwalimu huona zile tatu na kusema, "Huyu anaweza, ila hataki." Kumbe kufaulu mara moja hakuthibitishi kwamba mtoto anaweza kufaulu kila mara; uwezo wa kuhesabu ni jambo moja, na uwezo wa kubaki katika hesabu ni jambo lingine.

Mwaka huo huo wa 2007 Philip Shaw na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walitangaza uchunguzi uliofuata makuzi ya ubongo. Waliwapiga picha watoto 223 wenye ADHD na wengine 223 wasio nayo. Gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu, huongezeka unene utotoni hadi kufikia kilele, kisha hupungua. Kwa watoto wasio na ADHD, nusu ya sehemu zilizopimwa zilikuwa zimefikia kilele wakiwa na umri wa miaka 7 na nusu. Kwa wenye ADHD, umri huo ulikuwa miaka 10 na nusu. Utaratibu wa makuzi ulifanana, lakini ulichelewa kwa miaka mitatu hivi, na ucheleweshaji mkubwa ulikuwa katika sehemu ya mbele, ile ya udhibiti. Sehemu inayotawala mwendo wa mwili, kinyume chake, ilitangulia kidogo. Ni kama gari ambalo injini yake imefungwa mapema na breki zikachelewa.

Yafaa ieleweke kwamba kuchelewa huku hakumaanishi kuwa kila mtoto atapona akikua. Utukutu wa mwili hupungua kwa wengi, lakini baadhi yao hubaki na matatizo ya umakini hata utu uzimani.

Mwaka 2024 Luke Norman na wenzake wa taasisi hiyo hiyo walikusanya picha za vijana 1,696 wenye ADHD na 6,737 wasio nayo. Walichunguza njia zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na mafungu ya seli yaliyo ndani kabisa, ambayo hushughulika na mwendo, mazoea na matarajio ya tuzo. Kwa wenye ADHD, muunganiko wa mafungu hayo na sehemu za mbele ulikuwa na nguvu zaidi kuliko kwa wenzao. Wengi wangetarajia njia dhaifu. Lakini ubovu wa mawasiliano si kukatika kwa simu peke yake. Laini yenye kelele nyingi nayo haisikiki.

Kwa nini iwe hivyo? Uchunguzi wa mapacha na wa familia unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti baina ya watu katika jambo hili, asilimia 74 hivi, hutokana na urithi. Haihusu jini moja, bali mengi, kila moja likichangia kidogo. Kwa hiyo mzazi asilaumiwe kwamba alimdekeza mtoto, wala mtoto asiambiwe kwamba amejitakia.

Mipaka ya picha hizi

Hapa ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu. Msomaji aliyefika hapa anaweza kudhani kwamba inatosha kumpeleka mtoto kwenye mtambo, kupiga picha, na kusoma jibu. Hakuna hospitali duniani inayoweza kufanya hivyo kwa uhakika.

Sababu ya kwanza ni udogo wa tofauti zenyewe. Mwaka 2017 wachunguzi wa nchi nyingi walilinganisha ukubwa wa sehemu za ndani za ubongo wa watu 1,713 wenye ADHD na 1,529 wasio nayo. Sehemu tano zilikuwa ndogo kidogo kwa wenye ADHD, na tofauti ilionekana hasa kwa watoto. Lakini hata ile tofauti iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa ndogo mno. Tukipiga hesabu, ukimchukua mtu mmoja wa kila kundi bila kuchagua, yule mwenye ADHD atakuwa na sehemu iliyo ndogo mara 55 hivi katika kila 100. Ukirusha sarafu utapata 50. Tofauti hiyo ni ya kweli kwa kundi kubwa, lakini haimwambii mwalimu lolote kuhusu mtoto mmoja aliye mbele yake.

Sababu ya pili inafundisha zaidi. Turudi kwenye masoko yetu mawili. Je, haiwezekani bei zikapanda pamoja pasipo barabara yoyote, kwa sababu tu mvua imenyesha kote? Katika mtambo wa picha, mvua hiyo ni mwendo wa kichwa. Mwaka 2012 Jonathan Power na wenzake wa St. Louis walionyesha kwamba kichwa kikisogea hata chini ya milimita moja, hesabu huharibika: sehemu zilizo karibu huonekana kuungana mno, na zilizo mbali huonekana kuungana kidogo. Na ni watoto gani wasogezao vichwa zaidi? Ni wale wale watukutu! Kwa hiyo baadhi ya matokeo yaliyotangazwa kabla ya hapo huenda yalipima utukutu wa mtoto ndani ya mtambo, si nyaya za ubongo wake. Wachunguzi waliofuata wamelazimika kutupa picha zilizotikisika na kuanza hesabu upya, na matokeo ya makundi mbalimbali bado hayalingani kila mahali.

Mwaka 2011 yalifanyika mashindano ya kimataifa. Timu za wataalamu zilipewa picha za ubongo za watoto wengi na kutakiwa kubuni njia ya kutambua nani ana ADHD, ya aina gani, na nani hana. Timu iliyoshinda kwa kutumia picha, kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ilipata usahihi wa asilimia 60.5. Timu ya Chuo Kikuu cha Alberta ilipata asilimia 62.5 bila kutumia picha hata moja. Ilitazama umri, jinsia, alama za kipimo cha akili, na mkono ambao mtoto hupenda kuutumia. Mwanafunzi wa sayansi aliweke somo hili moyoni: kifaa cha gharama kubwa si lazima kijue zaidi ya maswali machache yaliyoulizwa vizuri.

Haya yanamhusuje mwalimu?

Yanamhusu kwa njia mbili, na zote mbili ni nzito.

Kwanza, asiharakishe kumbandika mtoto jina la ugonjwa. Mkoani British Columbia, nchini Kanada, ambako watoto waliozaliwa mwaka mmoja huanza shule pamoja, wachunguzi walipitia kumbukumbu za watoto zaidi ya 900,000. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Wavulana waliozaliwa Desemba, ambao ni wadogo kuliko wote darasani, walikuwa wameambiwa wana ADHD kwa asilimia 30 zaidi ya waliozaliwa Januari. Kwa wasichana tofauti ilikuwa asilimia 70. Mwezi wa kuzaliwa hauleti ugonjwa. Kilichotokea ni kwamba utoto wa kawaida ulidhaniwa kuwa maradhi, kwa sababu mtoto alilinganishwa na wenzake waliomzidi karibu mwaka mzima. Basi kabla ya kusema kwamba mtoto hatulii, mwalimu afungue rejesta atazame tarehe yake ya kuzaliwa.

Zipo pia sababu nyingine za kutozingatia. Mtoto asiyesikia vizuri, au asiyeona ubao, huonekana mzembe. Aliyelala njaa au aliyelala kidogo hufanana naye. Anayezubaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, bila kujibu hata akiguswa, huenda ana aina ya kifafa isiyo na kuanguka, na kifafa hicho kina dawa. Katika nchi zetu tuikumbuke pia malaria iliyopanda kichwani. Uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Mulago, mjini Kampala, na kutangazwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba miaka miwili baada ya kupona, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kiakili, na umakini ndio ulioathirika zaidi. Mzazi akiulizwa, "Mtoto huyu aliwahi kuugua sana?", jibu lake laweza kubadilisha kila kitu.

Uamuzi kwamba mtoto ana ADHD ni wa daktari au mtaalamu wa saikolojia aliyefunzwa. Kwa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013, dalili ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane mahali pawili au zaidi, kama vile nyumbani na shuleni. Dawa zipo na huwasaidia wengi, lakini ni za kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa naye. Katika uchunguzi mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 1999, watoto 579 walifuatwa kwa miezi 14. Dawa zilizosimamiwa kwa uangalifu zilipunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Hata hivyo, walipopimwa miaka mitatu baada ya kuanza, tofauti baina ya makundi ilikuwa imetoweka.

Pili, mwalimu asingoje daktari ndipo aanze kusaidia. Msaada mwingi hauhitaji fedha, nao hauwezi kumdhuru hata mtoto asiye na hali hii. Mwanafunzi aketi mbele, mbali na dirisha na mlango. Maagizo yatolewe moja moja, kwa maneno machache, na mwanafunzi ayarudie kwa kinywa chake. Hesabu kumi zigawanywe ziwe mafungu mawili ya tano, na fungu la kwanza lisahihishwe kabla ya la pili kuanza. Apewe kazi ya heshima inayomruhusu kunyanyuka, kama vile kukusanya madaftari au kufuta ubao. Sifa itolewe pale pale anapofanya vema, maana kwake tuzo ya mwisho wa muhula iko mbali kama nyota. Wakubaliane ishara ya siri, pengine kugusa dawati kidogo, ya kumrudisha anapopotea bila kumwaibisha mbele ya wenzake.

Na kiboko? Kiboko huleta woga, na woga humfanya mtu awe macho kwa muda mfupi. Ndiyo sababu huonekana kufaa. Lakini katika zile kazi tatu za umakini, kukaa macho ni ya kwanza tu. Iliyopungua kwa mtoto huyu ni ya tatu, nayo haijengwi kwa woga. Hujengwa kwa miaka, kadiri ubongo unavyokomaa na mazoezi yanavyorudiwa chini ya uongozi wa mtu mvumilivu.

Nawe mwanafunzi unayejitambua katika maelezo haya, usijifanye mgonjwa kwa kusoma gazeti, wala usijidharau. Andika kila unachopaswa kukumbuka, soma kwa vipindi vifupi, weka mbali kinachokuvuta, na ukiona mambo yanakushinda mweleze mzazi au mwalimu unayemwamini.

Sayansi ya muunganiko wa ubongo ingali changa. Imetuonyesha kwamba nia ya mtu haielei hewani: hutegemea njia ambazo kwa watoto wengine huchelewa kutengenezwa au huwa na kelele nyingi. Haijatupa uwezo wa kuzisoma njia hizo katika kichwa cha mtoto mmoja. Kwa hiyo, mbele ya mtoto asiyetulia, chombo bora tulicho nacho leo bado ni mtu mzima anayemtazama kwa makini na muda wa kutosha kabla ya kumhukumu.